Bahasha Tano Katikati ya Kuponi za Maji

Mwanangu, iko Ijumaa moja ambayo sijaisahau wala sijaisamehe, na aliyeiharibu ni mimi mwenyewe. Nakusimulia kwa sababu ya ulilolisema jana, tulipokutana chini ya lile jengo unalolinda kule Marina. Ulisema umekusanya kura za uchaguzi wa chama chetu toka kwa wasichana wote wa kazi humo isipokuwa wawili wa ghorofa ya thelathini, na hutawafuata tena, maana mtu wetu atashinda tu. Ukacheka. Mimi sikucheka, ukaniuliza kama naumwa. Naam, naumwa, ila si ugonjwa wa kumeza vidonge.

Nilikuwa na umri wako. Nilikuwa dereva wa maji. Asubuhi napakia zile chupa kubwa za maji ya kunywa kwenye ghala letu kule Dubai Investments Park, kisha nazungusha nyumba kwa nyumba, naacha zilizojaa, nachukua tupu pamoja na kuponi walizonunua za kulipia maji. Kazi ya kuvunja mgongo, lakini ilikuwa na jambo moja ambalo wakubwa wa chama hawakuwa nalo: mimi nilifika mlangoni. Msichana ambaye madam wake hamruhusu hata kwenda dukani, mimi nilimwona kila wiki, kwa sababu hakuna nyumba inayokaa bila maji.

Chama chetu hiki unachokijua, cha kusaidiana huku ugenini, kilikuwa bado kichanga. Mtu akiugua, akishikwa, akifa, pawe na watu wa kusimama naye. Mwaka ule tulikuwa tunachagua mwenyekiti, na ugomvi wote ulikuwa juu ya wale waliotoroka kwa makafeel wao, waajiri wanaowadhamini, hawa tunaowaita khaliwali. Mzee Kombo, mtu wetu sisi, alisema aliyetoroka bado ni mwenzetu. Mpinzani wake, Bwana Faraji, alisema chama kikiwashika mkono watu wasio na karatasi za ukaazi kitafungwa, kwa hiyo wafutwe kwenye orodha. Faraji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na hapa mjini mwoga hakosi sababu.

Katibu wetu alikuwa Bi Salma, mama wa Kiunguja aliyekwisha kuzeekea mtaani Deira. Yeye ndiye aliyetunga utaratibu. Asiyeweza kuja apige kura kwa bahasha, na bahasha iwe mezani kwake kabla ya adhana ya magharibi siku ya uchaguzi. Atakayekuja na jina lake lisionekane kwenye orodha asifukuzwe. Apige, kura yake iwekwe pembeni, achunguzwe kwa siku tatu, na akithibitika kuwa ni mwanachama ihesabiwe kama ya mwingine yeyote. Tulimwona anatusumbua. Leo najua alikuwa peke yake aliyemaanisha kwamba kila mtu ni mtu.

Bahasha za wasichana wa majumbani nikapewa mimi. Walikuwa watano. Wiki moja niliwapelekea karatasi za kura, wiki iliyofuata nikazichukua. Wa mwisho alikuwa Kadzo, msichana wa Kilifi, mwembamba, anayecheka huku amefunika mdomo. Madam wake alikuwa na desturi ya kusimama nyuma yake tukibadilishana chupa. Kadzo alikuwa ameijaza karatasi yake chooni, akaikunja bahasha katikati ya kuponi na kunipa zote pamoja. Madam akauliza kwa nini kuponi ni nyingi leo. Kadzo akamjibu kwa Kiarabu chake cha kuungaunga kwamba za wiki iliyopita zilisahauliwa. Angekamatwa na ile bahasha, angefungiwa ndani hata mlangoni asitoke tena.

Nilipoinama kuokota chupa tupu akaninong'oneza, "Kaka, hii usiipoteze. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuulizwa ninataka nini tangu nije nchi hii."

Nikamwambia awe na amani. Maneno hayo yalinitoka kirahisi sana.

Ijumaa ikafika. Uchaguzi ulikuwa kwenye mgahawa wa ghorofani Deira, na kwa kuwa hakukuwa na nafasi niliegesha gari mbali, nyuma ya soko. Jua lilikuwa kali la kuchoma unyayo. Bahasha nikaziacha kwenye droo ya gari. Nikajiambia ngoja kwanza nipande nione mambo yanakwendaje, nitazirudia. Nilipofika juu nikakuta waliohudhuria wamekwisha kupiga na hesabu inasomwa. Kombo alikuwa ameongoza kwa kura tisa. Vijana wetu walikuwa wanapigana mabega, biriani imekwisha kupakuliwa, nikavutiwa kiti.

Bi Salma akanitazama toka mezani kwake akaniuliza kwa ishara ya mkono: ziko wapi? Nikamwonyesha kidole, kwamba zinakuja. Kisha nikamgeukia mwenzangu nikamwambia kitu ambacho hadi leo nikikikumbuka najichukia. "Tano za nini juu ya tisa? Hata nisipozileta tumeshashinda." Tukacheka, mwanangu, kama ulivyocheka wewe jana.

Sikuwa nimefikiria bahasha za wanaume. Vijana wa ujenzi ambao zamu zao hazikuwaruhusu kuja nao walikuwa wamepiga. Mjumbe wao alikuja kwa miguu toka kituo cha basi, jasho limemlowesha, akaziweka mezani kabla ya wakati. Zilipofunguliwa, nyingi zilikuwa za Faraji. Vijana wale waliogopa chama kufungwa kwa sababu hawakuwa na kingine. Zile tisa zikaliwa zote, na Faraji akatutangulia kwa moja. Bado zilikuwapo za pembeni za kuchunguzwa, kidogo tu, za huku na huku.

Hapo ndipo nilipoinuka. Nilikimbia, nikateleza ngazini, nikakimbia tena. Nilikuwa nimeshika mlango wa gari adhana ilipoanza. Nilirudi nikaziweka mbele ya Bi Salma, nikamsihi kwa sauti ya chini, nikamwambia zilikuwa zimeshafika Deira mapema, ni umbali wa gari tu, nani atajua.

Akazisukuma kwangu taratibu.

"Mimi namtaka Kombo kuliko unavyomtaka wewe, Athumani," alisema. "Lakini adhana nimeisikia, na wewe umeisikia. Hizi sizihesabu. Sasa zirudishe kwa wenyewe, mmoja mmoja, uwaambie kwa mdomo wako kwamba walipiga na wewe hukufikisha. Hilo nalo usichelewe."

Baada ya siku tatu zile za pembeni zikathibitishwa. Kombo akapata mbili, Faraji tatu. Tukashindwa kwa kura mbili. Na mimi nilikuwa na tano, mwanangu, mfukoni.

Unadhani nilizirudisha? Wiki iliyofuata nilifika kwa Kadzo na chupa begani. Akaniuliza, "Kaka, ilifika?" Nikamwambia ilifika. Akatikisa kichwa, akasema basi tumeshindwa, ndiyo uchaguzi, akanipa kuponi. Wale wanne wengine nikawadanganya vilevile. Ilikuwa rahisi, uongo wa pili ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza.

Baada ya miezi kadhaa nilikuta msichana mwingine pale mlangoni. Kadzo alikuwa ametoroka, na sikuuliza alifanywa nini mpaka akatoroka. Habari zake nilizipata toka kwa wanawake aliokuwa akiishi nao chumba kimoja Deira: anakohoa, ana homa, anaogopa hospitali kwa kuwa hana karatasi. Walikuwa wamewapigia simu wakubwa wa chama. Faraji aliwajibu kwa upole kabisa kwamba khalas, imekwisha, kwa sheria mpya huyo si wetu.

Nikaenda. Alikuwa amelala kitanda cha chini, amebaki macho. Nilianza kumlaani Faraji, nikapandisha sauti, nikajifanya mwenye uchungu. Akanikatiza.

"Usimlaumu, kaka. Tulipiga kura, tukashindwa. Hata yangu ilihesabiwa."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Alikuwa ananitazama, na maneno yalikuwa machache tu. Sikusema. Nilimbeba tukamkimbiza hospitali, na huko hawakutufukuza kama alivyoogopa. Walituuliza tu kwa nini tumechelewa. Kadzo alifariki siku ya pili yake. Hakuna mtu wa chama aliyesimama pale isipokuwa Bi Salma, ambaye hakunisalimia.

Wale wanne niliwatafuta baadaye, nikawapa bahasha zao na ukweli wake. Mmoja alinifungia mlango. Alikuwa na haki. Ya Kadzo ninayo mpaka leo, imefungwa kama alivyoifunga, na kuponi moja ya maji imegandana nayo. Sijaifungua. Si yangu kujua alichoandika.

Sheria ya Faraji iko hadi leo, unaijua, na safari hii ndiyo tumepata tena nafasi ya kuiondoa. Kwa hiyo sikia ninachokuambia. Aliyekupa kura yake uifikishe hajakupa ruhusa ya kuamua kama inahitajika. Usizihesabu kabla ya mwenye kuhesabu, na usishibe kwa hesabu ya wale walio ukumbini, maana wasioonekana nao wamepiga. Fikisha mapema hata ya yule unayejua hakumpigia mtu wako. Na ukishindwa kufikisha, siku hiyohiyo kamwambie mwenyewe, akutukane angali hai.

Sasa rudi kwenye jengo lako, panda lifti, uende ghorofa ya thelathini. Mungu akupe miguu ambayo mimi sikuwa nayo siku ile, akulinde wewe na hao wawili, na kwenye kila mlango utakapoulizwa "ilifika?" akujaalie kujibu kweli.