Ng'ombe wa Unyambwa na chumvi ya Redio Kindai

Jua ndiyo kwanza linachomoza Unyambwa, nje kidogo ya mji wa Singida, na ng'ombe wa Shukuru Mghenyi wamekwisha kuiacha njia ya malisho. Kijana huyo anapiga mluzi. Hawageuki. Wanaelekea kwenye uwanja uliopandwa mtama upande mmoja tu, wenye kitako cha zege katikati, wanainamisha vichwa na kuanza kulamba udongo.

Nyuma yao anakuja Esta Ntandu, mwenye umri wa miaka 56, akizoa samadi kwa koleo kabla haijakanyagwa.

"Shikamoo, mama," Shukuru anamsalimu.

"Marahaba. Naona wamekuja kusikiliza taarifa ya habari."

Shukuru anacheka, ingawa redio inayotaniwa hapa hajawahi kuisikia. Anachojua ni kwamba mahali hapa panaitwa Mnarani na hakuna mnara, na kwamba ng'ombe hawapiti bila kulamba.

Kwa nini walambe hapa na si kwingine?

Jibu linaanzia mwaka 1997, pale Jaffer, mfanyabiashara wa vitambaa mjini Singida, alipoanzisha Redio Kindai. Ilirusha matangazo kwa masafa ya AM. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilifika mbali: Ulemo, Shelui, hadi kwa wachungaji waliolala porini na mifugo yao. Kulikuwa na salamu, bei za vitunguu na, kila jioni, matangazo ya vifo na ya mifugo iliyopotea.

"Mtu akifariki Ikungi, ndugu zake wa Shelui walijua jioni ileile," anasema Sherbanu, binti wa Jaffer, ambaye ndiye aliyeyasoma matangazo hayo na sasa anaendesha duka la baba yake. "Ng'ombe akipotea nilitaja rangi, pembe na alama ya sikio. Nikienda sokoni, nikiuliza tu bei ya nyanya, watu wanageuka: 'Kumbe wewe ndiye wa ng'ombe!'"

Esta aliajiriwa kufagia studio. Kiangazi cha kwanza kilipoingia, sauti ya redio ikaanza kufifia.

Fundi mitambo, Enock, akawaeleza wenzake kwamba mnara wa AM hautegemei chuma kilicho juu peke yake. Chini yake kulikuwa na nyaya za shaba zilizofukiwa kuuzunguka, mfano wa mbavu za mwavuli uliofunguliwa. Ardhi ikikauka, sauti haifiki mbali. Na Singida, mvua ikishakatika, ardhi hukauka kwa miezi mingi. Ilibidi mtu aunyweshe mnara.

Kazi hiyo ikawa ya Esta.

"Madereva wa malori walipita studio wakisema, 'Shelui hamsikiki.' Hapo Enock ananiita: 'Mama Michael, Shelui wana kiu!' Nabeba ndoo zangu," anasimulia.

Lakini maji yalikauka upesi. Enock akashauri yachanganywe na chumvi, kwa kuwa udongo wenye chumvi hushika unyevu na kuisaidia mitambo. Ikaletwa chumvi ya mawe kwa magunia. Kila kiangazi Esta aliikoroga kwenye pipa, akaimwaga kuuzunguka mnara.

"Majirani walinicheka hao! Wananiuliza, 'Esta, mnara umeiva? Tulete sahani?'"

Redio Kindai ilifungwa mwaka 2009. Redio za FM zilikuwa zimefika na sauti zao safi, na habari za misiba zilikuwa zimehamia kwenye simu. Mnara na nyaya vikauzwa kama chuma chakavu. Jaffer, ambaye sasa ni marehemu, aliwagawia wafanyakazi meza, viti na saa za ukutani. Kuhusu ardhi, Sherbanu anakumbuka, baba yake alisema aichukue yule aliyeinywesha.

"Nililia kwa furaha," anasema Esta. "Sikuwa na shamba. Mvua ziliponyesha nikapanda mahindi."

Mahindi yaliota, yakaungua ncha, yakafa yakiwa mafupi. Mwaka uliofuata ikawa vilevile. Utani wa majirani ukageuka: sasa walisema Esta amerithi chumvi. Akarudi kwenye kibarua cha kupalilia vitunguu vya watu, kazi inayomlipa shilingi elfu sita kwa siku, siku ikipatikana.

Wakati huo ndipo alipoanza kuwatazama ng'ombe. Aliona kwamba wanalamba sana karibu na zege, lakini kwenye kingo za uwanja wanapita tu. Siku moja akainama, akaonja udongo wa kingoni kwa ulimi wake. Haukuwa na chumvi.

Tangu hapo hawafukuzi. Anawaacha walambe, anazoa samadi yao, anachimba vishimo vya kukinga mvua. Mahali ambapo ng'ombe wameacha kulamba kwa msimu mzima, hapo ndipo anapopanda.

Catherine, ofisa ugani aliyemtembelea mwaka jana, anasema ndimi za ng'ombe haziwezi kuondoa chumvi yote hiyo. Mvua inayozama na samadi ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi. "Ila kama kipimo," anaongeza, "ningekuwa mimi ningewaamini."

"Sawa, kazi inafanya mvua," Esta anakubali. "Lakini mvua hainionyeshi pa kupanda."

Mwanawe wa kwanza, Michael, fundi wa matairi Shelui, amechoka kusubiri. Amempata mtu anayetaka uwanja huo uwe maegesho ya malori. "Mama anazeeka kwenye mashamba ya watu," anasema kwa simu. "Akiuza, nitamfungulia genge, akae kivulini." Wamepatana kwamba mavuno ya mwaka huu ndiyo yataamua. Mtama ukishindwa, ardhi inauzwa.

Kingoni, mtama umemfika Esta kifuani na umeanza kutoa masuke. Kuelekea kwenye zege unazidi kuwa mfupi, na majani ya mistari miwili ya ndani yana ncha za kahawia. Anayapitisha kati ya vidole.

"Hii miwili sina uhakika nayo," anasema.

Kisha anainama na kuonyesha mlenda ulioota wenyewe katikati ya mtama. Mwaka huu ndiyo mara ya kwanza.

"Nikivuna, Michael atakuja kula hapa. Nitasonga ugali wa mtama huu, na mboga itakuwa mlenda wa hapahapa. Sitatia chumvi hata chembe. Akisema, 'Mama, mboga imekolea,' basi auze." Anaishika tena koleo. "Lakini akilalamika kwamba haina ladha, siondoki."