Amony na Mashua Iliyonguruma

Amony alipostaafu kutoka kikosi cha polisi wa majini, majirani zake wa Kibuli walidhani atafungua duka au atafuga kuku. Kumbe mwenzao alitaka mashua ya tanga. Kazini aliendesha boti za injini kwenye Ziwa Viktoria, na siku moja aliivuta hadi ufukweni katamarani iliyopinduka, mashua ndogo ya matumbo mawili. Mwenye mashua, kwa kushukuru, akampakia wakazunguka ghuba. Tangu hapo masikio ya mumewe Usama, muuza vitambaa wa ukoo wa watu wa pwani waliolowea Kampala zamani, hayakupumzika.

Basi aliposikia kwamba huko Ntinda kuna mama anauza boti iliyoachwa na mpangaji wake, hakumaliza hata chai. Wakapanda boda boda moja wote wawili, wakaenda.

Mwenye nyumba, Nabangala, aliwapeleka uani akafunua turubai.

"Ni boti mbili," alisema. "Mkichukua zote nitawapunguzia."

Amony akacheka mpaka akashika kiuno. "Hapana, dada. Ni moja tu, imefunguliwa. Mabomba haya ndiyo yanayoyaunganisha matumbo yake, na katikati hufungwa wavu wa kukalia. Mlingoti uko wapi?"

"Mlingoti ndio nini?"

"Ile nguzo ndefu ya kushika tanga."

Nabangala akageuza macho polepole. Mashuka yake yalikuwa yameanikwa juu ya mlingoti wenyewe, uliolazwa kutoka ukutani hadi kwenye mparachichi.

Amony akapiga magoti. Kwanza alitaka kujua ni katamarani ya aina gani, maana vipuri vya aina moja haviingii kwenye nyingine, na kibandiko cha kiwanda kilikuwa kimebabuka kwa jua. Akachungulia chini. Hakukuwa na tundu la kupitisha ubao wa kuizuia isisukumwe kando, na matumbo yalipinda kama ndizi ya gonja.

"Naijua hii!" alisema. "Unapanda nayo mchangani moja kwa moja. Ile niliyopakiwa ilikuwa hivi hivi."

Kisha akaanza kugonga kwa vifundo vya vidole huku ametega sikio, kwa kuwa faibaglasi iliyooza ndani hutoa sauti iliyofifia. Tumbo la kwanza likajibu ko, ko, ko, kavu na safi. "Hili zima kabisa," akalisifia. La pili likajibu ko, ko, halafu likanguruma.

"Mama Rumaisa," Usama akamwambia mkewe akirudi nyuma, "hiyo inakujibu."

Kwenye tundu la kutolea maji wakachomoza nyuki.

Wote watatu walikimbilia jikoni wakabana mlango, sikio la Usama likivimba kama andazi. "Ndiyo maana paka wangu halali tena pale juu," Nabangala alisema, na hapo wakashindwa kujizuia. Walicheka, wakanywa chai, wakachungulia dirishani, wakacheka tena. Amony akampigia simu Ocira, askari mwenzake wa zamani ambaye sasa hufuga nyuki. Ocira akaja na moshi wake, akawahamishia nyuki mzingani, na asali wakagawana.

Amony akabaki na wasiwasi na tumbo lile. Akayajaza yote mawili maji kwa mpira wa bustani, akasubiri. Lililokuwa na nyuki halikutoa hata tone. Lile alilolisifia likaanza kudondosha maji kwenye ufa mwembamba chini kabisa.

"Afande, umedanganywa," Usama akamtania.

"Nimedanganywa kweli. Lakini ufa huu unazibika."

Nyaya za kushikilia mlingoti zilikuwa zimeanza kukatika nyuzi, hizo zilihitaji kubadilishwa. Usukani ulikuwa salama. Wakapatana bei, Nabangala akaanua mashuka yake.

Fundi wa Ggaba aliuziba ufa. Wavu mpya aliushona Usama mwenyewe kwa turubai gumu, mshono juu ya mshono, maana ndipo angekaa yeye, na kuogelea hajui.

Siku waliyoingia ziwani, upepo ulijaza tanga na tumbo moja likainuka kidogo juu ya maji. Usama akapiga ukelele, akamng'ang'ania mkewe, akasoma kila dua aliyoikumbuka. Wimbi likamrukia usoni.

"Turudi?" Amony aliuliza.

Usama akapangusa macho. Alikuwa anacheka.

"Turudi wapi? Kwanza nipitishe mbele ya ile hoteli ya ufukweni, watu watuone."