Siku Bibi Alipokwenda Mpirani

Mwezi uliopita nilikwenda kwa daktari wa meno, Al Khuwair, huku Uarabuni. Nimekaa chumba cha kungojea, dirisha liko wazi kidogo, mara nikasikia kipyenga, kisha makelele ya vijana. Kumbe nyuma ya jengo kuna kiuwanja. Sikuinuka kutazama. Nilifumba macho tu, nikajiona nina miaka kumi na moja, mikono yangu inanuka kitunguu thomu, nimekaa kwenye mkeka pembeni ya uwanja na bibi yangu ananiuliza nani anashinda.

Nikuhadithie, maana sidhani kama nimewahi kuihadithia siku ile yote.

Ilikuwa miaka ya tisini, tunakaa Ruwi, nyumba ya vyumba vitatu. Babu alikuwa amefariki, na bibi alipomaliza eda hakutaka kutoka. Mama alimbembeleza kila wiki: twende sokoni Mutrah, twende kwa jamaa, twende ukapunge upepo. Jibu lilikuwa moja. "N'nakwenda wapi mie? Niacheni nikae."

Mjomba, mtoto wa mwisho wa bibi, alikuwa anasoma chuo cha ualimu. Kila mwaka chuo chao kilicheza mpira na chuo cha ufundi, na hiyo ndiyo mechi waliyoipigania roho. Mechi nyingine wakifungwa, basi. Ile wakifungwa, hawatembei kifua mbele mpaka mwaka mwingine. Jioni moja mjomba aliingia anahema, akasema mbele ya kila mtu, "Mama, safari hii nacheza." Bibi akaweka tasbihi chini. "Wallahi?" akauliza. "Wallahi." "Basi n'nakuja kukutazama."

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, hakuamini masikio yake.

Alhamisi ya mechi kulipikwa kama harusi. Tangu asubuhi mimi namenya viazi vya katlesi na kutwanga thomu, mama anakunja sambusa, bibi amekaa kwenye kibao chake anaonja na kukosoa. "Chumvi. Hawa watu wanakwenda kukimbia kwenye jua kali, watie chumvi." Chai ya maziwa yenye iliki ikajazwa kwenye chupa mbili kubwa.

Gari letu lilikuwa bovu, kwa hiyo tukapanda la jirani, pikapu ya milango minne. Jirani yetu alikuwa Mwarabu wa Tabora, kazaliwa huko na kukulia huko, na Kiswahili chake cha bara kilimchekesha bibi, mtu wa pwani, siku zote. Tatizo ni kwamba kijana wake alikuwa anasoma chuo cha ufundi, tena ndiye mfungaji wao.

"Mama, leo itabidi mtuvumilie," alisema huku akimfungulia bibi mlango.

"Nyinyi ndio mtuvumilie sisi," bibi akamjibu. Nilikuwa sijamsikia akitania tangu babu alipokufa.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa vumbi, nyuma ya majengo ya wizara. Joto lilikuwa limesharudi. Wanawake walikuwa wachache. Tukatandika mkeka kwenye kivuli chembamba cha ukuta, kivuli chenyewe kinatuhama kila tukikaa vizuri. Timu zikaingia, ya ualimu kijani, ya ufundi manjano.

"Yule mrefu ndiye yeye?" bibi akauliza. Macho yake hayakuwa mazuri kwa mbali.

"La, bibi. Yeye yuko kule, kwenye benchi."

"Keshachoka?"

Mama akaniangalia, nami nikamwangalia. "Bado hajaingia, mama," alimwambia bibi. "Ataingia baadaye."

Hakuingia. Kipindi cha kwanza wakafungwa mabao mawili, yote na kijana wa jirani. Mapumziko mjomba alisimama, akajinyoosha, akaruka-ruka, na bibi akapiga makofi peke yake uwanja mzima. Kipindi cha pili kocha aliwatoa wachezaji na kuwaingiza wengine, na kila mmoja akiinuka bibi anauliza, "Ndiye?" Mimi najibu siye. Mwishoni natikisa kichwa tu. Bao la tatu lilipoingia, watu wa upande wetu walianza kukung'uta nguo na kuondoka. Bibi hakuondoka. Alikaa mgongo wima, buibui lake limejaa vumbi, mpaka kipyenga cha mwisho.

Wenye manjano wakabebana. Wetu wakaelekea basi lao bila kutazama mtu. Mjomba alikuja kwetu, jezi yake safi kama ilivyotoka kwenye kamba ya nguo.

"Waite wenzako wale," bibi akamwambia.

"Mama, nani ana hamu ya kula saa hizi?"

"Wana njaa. Kufungwa hakushibishi mtu. Waite."

Alikwenda shingo upande, akarudi na wawili, kisha watano, kisha timu nzima. Wakala kwa kusimama, vumbi limewaganda usoni. Mama anamimina chai, mimi nagawa vikombe. Kijana mmoja alimwambia bibi, "Tusamehe, mama." Yeye akamwongeza sambusa.

Wakati wa kurudi jirani hakufungulia redio, ingawa kila siku hasafiri bila redio. Kijana wake aliwaacha wenzake wakishangilia, akapanda nyuma ya pikapu na mjomba. Kabla hajapanda, mjomba aliinama dirishani kwa bibi.

"Nilikwambia nitacheza."

"Nimekuona."

"Hukuniona nikicheza, mama."

"Nimekuona, basi. Panda twende."

Tukashika njia. Miguu inaniuma, koo kavu, kichwa changu begani kwa mama. Nikageuka kutazama kwenye kioo cha nyuma: wale wawili wamekaa wanatazamana, upepo unawapiga. Tulipofika duwari ya Wattaya, ule mzunguko wa barabara, kijana wa jirani alisema neno, na mjomba akacheka mpaka akajifuta macho. Sikujua ni neno gani, wala sikuuliza.

Mwaka uliofuata mjomba aliingia dakika za mwisho, na wakafungwa tena. Bibi alikuwepo. Nilipomuuliza kwa nini tunawapikia watu wasioshinda, alisema, "Ile timu yake, na yeye mwanangu. Ushasikia?" Baada ya hapo alianza kutoka: sokoni, harusini, kwa jamaa.

Bibi hayupo tena. Jirani alihamia Sohar kwa binti yake, na kijana wake sijui yuko nchi gani. Mjomba ana mvi na cheo wizarani. Tunaonana Iddi, tunaulizana hali, kila mtu na gari lake. Watoto wetu wanajua Kiarabu na Kiingereza, Kiswahili wanakisikia tu. Mechi wanatazama kwenye simu, kila mmoja chumbani mwake, na timu yao ikifungwa wanabonyeza, imekwisha.

Nimeshuhudia mambo makubwa kuliko mechi ile ya vumbi. Lakini uchovu ule, wa watu wa nyumba moja waliofungwa pamoja, wanaorudi pamoja, kimya, ndani ya gari moja, sijaupata tena. Siku hizi nachoka peke yangu.