Blanketi Moja na Mkwe

Serikali ilipotangaza watu wakae mbalimbali, Bibi Stephania alicheka hadi akashika mbavu. Yeye na mkwewe Anatoli walianza zamani! Tangu Anatoli amwoe Jovita, binti yake, hawajawahi kula pamoja wala kutazamana usoni, kwa kuwa ndivyo Stephania alivyolelewa kijijini kwao Mwamgongo: mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kupishana. Anatoli akikaribia nyumba hukohoa, naye Stephania hujitanda kanga na kuingia jikoni. Wakigongana uani, kila mmoja hutazama ukuta wake, salamu ikapita katikati.

Korona ilimkuta mjini, mtaa wa Buzebazeba, kwenye nyumba ya mkwewe ya vyumba viwili, alikokuja kumtunza Jovita aliyejifungua. Akakwama. Siku zikawa zinayeyuka tu. Mtaa ulinyamaza, na mchana Stephania alikaa kibarazani na kichanga mapajani, akitazama kipande cha ziwa kule chini, cheupe, hakina mwisho, mpaka asijue kama anasinzia au anakumbuka. Milima ya Kongo ilitokeza, ikapotea, ikatokeza tena. Aliupenda ule ukimya, na aliona haya kuupenda.

Kisha kikohozi cha Anatoli kikabadilika. Kile cha kubisha hodi alikijua. Hiki kilitoka chumbani na hakikuomba ruhusa. Kazi yake ilikuwa kuuza samaki aina ya migebuka mwaloni Katonga, boti za uvuvi zinakoshusha, na huko alishikana mikono na kila mtu. Zahanati walimpa dawa, wakamwambia akapumzike. Homa ikapanda, pumzi ikawa inakwaruza.

"Mama, acha niingie mimi," Jovita alisema mlangoni.

"Na kichanga umwachie nani? Huingii humo."

"Sasa nani atamshika? Hata kukaa hawezi."

Stephania alichemsha chungu cha mchaichai, majani ya mlimao na mkaratusi, akavaa barakoa, akasimama mbele ya chumba ambacho hakuwahi kukikanyaga. Aliuogopa ugonjwa, lakini aliiogopa zaidi aibu. Mkwe akijua kwamba mama mkwe amemkumbatia, nyumba hii ataingiaje tena? Kisha akilini akamwona Jovita akiwa mjane, na mtoto mgongoni. Basi akakohoa kidogo, kama alivyozoea kukohoa Anatoli, akaingia.

Alimwinua, akamwegemeza begani, akafunika blanketi juu yao wote wawili na chungu mbele yao. Giza. Mvuke ukapanda, jasho likatiririka, na kwa muda Stephania hakuwa tena Buzebazeba. Alisikia maji yakipiga mchanga wa Mwamgongo, akanusa dagaa walioanikwa, akahisi uzito wa watoto wake wote waliowahi kulala kwenye bega hilo, na yule mmoja aliyefariki. Kichwa chenye moto kikajisogeza shingoni kwake.

"Mama," Anatoli alinong'ona, akaukamata mkono wake. "Usiniache."

Mama yake Anatoli alikufa siku nyingi. Homa inamrudisha kwake, Stephania aliwaza, na kwa kweli alifarijika.

"Sikuachi, mwanangu," alimjibu, kwa niaba ya yule marehemu ambaye hakumjua. "Vuta pumzi. Vuta tena."

Alirudia kila alasiri hadi homa ikashuka. Kama ni mvuke, ni dawa au ni Mungu, yeye hakubishana na mtu. Anatoli aliposimama kwa miguu yake, alirudia kukohoa uani, na Stephania akarudia kukimbilia jikoni. Jovita aliapishwa asiseme neno.

Hali ilipotulia, Stephania akaamua kurudi kwake. Anatoli alimbebea mzigo hadi kwenye boti, akautua mchangani, akasogea kando na kumpa kisogo, kama inavyopasa.

"Safari njema, mama."

"Asante, baba. Nitunzieni mtoto."

Injini iliwashwa, abiria wakaanza kupanda. Hapo Anatoli akasema, bila kugeuka, "Mama, mle ndani ya blanketi nilijua ni wewe."

Stephania alivuta barakoa karibu na macho, ikalowa yote. Alipanda, akakaa nyuma kabisa, na boti ilipoondoka akamtazama mkwewe waziwazi, mabega yale, shingo ile, mpaka akawa nukta ufukweni. Alijiambia kwamba hakuna mila aliyoivunja: wazee walikataza uso, hawakusema lolote kuhusu kisogo.