Frigo Ndani ya Kipoyi, Kutoka Sake Hadi Kibua

Niliondoka Shasha, kijiji chetu cha kando ya ziwa, kwa ajili ya frigo ya mtu mwingine. Mama Neema, anayeuza nyama na vinywaji Kibua, upande wa Walikale, alichoka kutupa nyama iliyooza, akaagiza frigo, jokofu kubwa la duka lenye mlango wa kioo. Alitaka niipokee Sake, niisindikize mpaka kwake na kuiwasha. Kazi hii ya ufundi wa frigo sikuisomea. Nilijifunza kwa kufungua frigo zilizokufa na kutazama video kwenye simu, na labda ndiyo maana naogopa kila kitu: aliyejifundisha mwenyewe hajui ni somo gani aliliruka. Kibua hakuna fundi wa frigo, na Mama Neema hakuwa na uwezo wa kuagiza nyingine.

Sake, asubuhi, sikukubali kuipokea kabla ya kuizunguka. Nikapapasa kioo, nikakagua mabomba ya nyuma na waya, kisha nikaanza upya. Shofere alikuwa ameegemea kamyo yake.

"Kaka, unaipakia ao unaioa?"

Nilimpa sharti moja: isimame wima njia nzima. Ndani ya moteri yake mna mafuta. Frigo ikilazwa, mafuta yanahamia kwenye mabomba, na ukiiwasha kabla hayajarudi chini, moteri inaweza kufa. Tukaifunga wima katikati ya magunia ya chumvi, tukaifunika blanketi.

Barabara ya kupanda Masisi ilikuwa tope na mashimo. Abiria walioketi juu ya magunia walitazama ng'ombe na mashamba ya maharagwe kwenye vilima. Mimi nilitazama kamba. Uzuri wa safari hiyo nimeusikia kwa wengine.

Baada ya Kashebere, kamyo ilisimama. Daraja la magogo lilikuwa limebomoka, na ng'ambo ilibaki njia ya miguu mpaka Kibua. Wanaume waliokuwa wakilima karibu walikuja kuangalia. Mmoja wao, Papa Bahati, mkulima wa maharagwe na mihogo, alipima frigo kwa macho.

"Hii tutaibeba na kipoyi."

Kipoyi ni machela ya miti na kamba. Ndicho wanachobebea wagonjwa kwenda hospitali pale gari lisipofika.

"Papa, haitakiwi kulala," nilisema.

"Mugonjwa asiyelala? Njo ugonjwa gani huo?"

Nilimweleza habari ya mafuta. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha yeye na wenzake wakafunga miti miwili ubavuni mwa frigo, ikainuka wima mabegani mwao kama mtu aliyeketi kitini. Tulivuka mto kwa miguu, maji yakiwa magotini.

Watu wa vilima hivi wana desturi yao. Mwanaume akikutana na kipoyi hapiti tu. Anatua mzigo wake, anaweka bega, anabeba kipande cha njia, ndipo anarudi kwenye safari yake. Na chetu kilikuwa kimefunikwa blanketi. Mama mmoja aliyekuwa na mumewe alitua kikapu chake akainamisha kichwa.

"Poleni sana. Mugonjwa iko nani?"

"Ni frigo, Mama."

"Frigo? Inaumwa nini?"

"Bado haiumwi," nilijibu.

"Anayeumwa njo huyu," Papa Bahati alisema akinionyesha kwa kidevu, na kipoyi kizima kikatikisika kwa kicheko. Niliwaomba wasicheke wakiwa wamebeba. Wakacheka zaidi. Mume wa yule mama alikuwa ameshaweka bega.

Kwenye mteremko wa mwisho kicheko kiliisha. Frigo ilivuta mbele, na wa mbele wakaanza kuteleza.

"Tuilaze ao ituangukie," Papa Bahati alisema. "Sema mbio!"

Nilitazama miguu yao ndani ya tope.

"Ilazeni."

Ikateremka imelala. Nilitembea kando yake nikiishika, kana kwamba mkono wangu ungeyazuia mafuta. Tulipofika chini tukaisimamisha tena.

Kibua, alasiri, Mama Neema alikuwa ameita kwaya nzima ya kanisa lake. Mabenchi yalikuwa yamepangwa, kreti za vinywaji zinangoja, mzee wa kanisa yuko tayari kuomba.

"Washa, mutoto yangu."

"Mama, leo haiwezekani." Nilimweleza kuhusu mteremko. "Tungoje mpaka kesho."

"Mbele ya wageni hawa? Niliwaita wakunywe baridi!"

"Ninajua, Mama."

"Basi kidogo tu, waone taa yake."

Ningekubali, labda isingedhurika. Labda. Sikuwa na hakika, na kila mtu alikuwa ananitazama. Nilivuta waya nikaushika mkononi. Ndipo Papa Bahati, aliyekuwa anapangusa tope, akauliza:

"Mama Neema, mugonjwa akitoka mu kipoyi, unamuimbisha ao unamuacha apumuzike?"

Watu walicheka. Mwimbaji mmoja akafungua chupa. "Tutakunywa moto. Kesho tunarudi na kiu ingine."

Mzee wa kanisa akaomba. Mama Neema aliniwekea sahani ya chakula bila kunitazama.

Kesho yake niliitenga frigo na ukuta ili ipumue, nikasawazisha miguu yake kwa vipande vya mbao, nikaiunganisha kupitia regilateri, maana umeme wa mtambo mdogo wa mtoni hupanda na kushuka. Nikawasha. Moteri ilitetemeka, ikanguruma, ikatulia. Mama Neema aliweka sikio ubavuni mwake.

"Iko hai," alisema, ndipo akanitazama.

Nilitaka kubaki mpaka ipoe. Akanitolea begi langu nje.

"Nenda, kamyo iliyolala darajani haitakungojea. Ukiiangalia hivyo itaona haya."

Nikarudi kwa miguu hadi darajani, nikapanda kamyo bila kujua kama itapoa. Nilipofika Masisi simu yangu ilipata mtandao, ikalia.

"Wamekunywa!" Mama Neema alipaza sauti. "Papa Bahati analalamika meno."

"Kipimajoto kinasema ngapi?"

"Nimekuambia meno, unaniuliza kipimajoto!" Akakata.

Nilikaa na simu mkononi. Kule njiani nilidhani wale wanaume wanapokezana uzito tu. Hofu yangu pia walikuwa wameiweka mabegani, kila mmoja kipande chake, na mimi sikuwa nimeiachia. Kamyo ilipoondoka Masisi, nilitazama vilima.