Watu wa Nakuja

Shule niliiacha kabla sijajua kugawanya, lakini mawe yananijua. Kuyapanga nilijifunza kule Migwani, kijana bila viatu, na maduka mengi ya Matiliku yanayoegemewa na watu wakingoja gari yalisimamishwa na mikono hii. Sisemi kwa kujisifu. Haya, nasema kwa kujisifu.

Mwaka ule mwethya wetu, yaani kikundi cha majirani wa kusaidiana kazi, ulikubaliana tujenge ukuta wa mawe kuukata mto. Mto wetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Ukiujengea ukuta, mvua ikinyesha maji huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta na kuficha maji ndani yake. Kiangazi unachimba kidogo tu, unachota.

Mke wangu alikuwa akienda na punda mpaka mto mwingine, mbali. Anatoka umande ungali majanini, anarudi jua liko utosini, na magoti yake yalishaanza kulalamika. Nikamwambia, "Kiangazi kijacho utachota hapa chini, ukiona moshi wa jiko lako."

Akacheka. "Mzee, hiyo ni ahadi ya bwana harusi ama ya fundi?"

"Ya fundi," nikamwambia. Ya fundi ni nzito zaidi.

Siku zile za mtoni zikinirudia, huja kama usingizi wa mchana. Mchanga unameremeta mpaka huoni mwisho wake. Sauti za watu zinatoka mbali hata wakiwa karibu. Na kila nikiinua macho kutoka kwenye uzi wangu wa kunyooshea mawe, namwona mtu anapanda ukingo, amenipa mgongo, ananipungia mkono. "Nakuja!"

Kwetu mtu akiondoka hasemi anaenda. Kuenda ni neno la baridi, kama la kuaga maiti. Kwa hivyo husema nakuja, na miguu yake inaenda. Simu ikilia, nakuja, anapanda juu kutafuta netiwaki. Amekumbuka mbuzi, nakuja. Kuna mgeni anapita barabarani, na mgeni hawezi kupita bila kuulizwa habari za mama yake, za ng'ombe, za mvua ya kwao. Wale waliobaki wanaegemea koleo wakiwangoja waliokwenda, maana nani atafanya kazi peke yake kama punda?

Aliyewazidi wote kwa ubaya alikuwa mwenyekiti wa kikundi, mtu mnene mwenye sauti ya maombi. Siku moja nimeshakoroga simiti, simu yake ikalia.

"Fundi, nakuja."

"Unakuja wapi na unaenda?"

"Si ndiyo nakuja!" akasema, tayari ameshika mizizi ya ukingo.

Mama mmoja muuza mboga akatua karai lake la mawe. "Mwache, fundi. Huyo hata malaika wakimjia atawaambia nakuja."

Tukacheka sote. Mimi pia. Lakini simiti haicheki, na ikishakorogwa haina subira.

Ukuta ulipanda, mzuri kama meno ya kijana. Kikabaki kipande kimoja, ule mkono wa ukuta unaoingia ndani ya ukingo wa pili ili maji yasipate pa kuzungukia. Kazi ya siku moja. Siku hiyo tulianza kwa maombi, tukaomba mpaka jua likawa kali, tukanywa chai. Nikakoroga simiti. Mara gari jipya likasimama kule juu: kijana wa hapa karudi kutoka Mombasa. Mmoja akapanda kumsalimu. Wawili. Nakuja, fundi. Mama wa mboga naye akajipangusa mikono na leso. "Nakuja sasa hivi, kweli."

Nikabaki na mchanga na upepo. Nilipanga mawe niliyoweza kuinua peke yangu, na makubwa yakabaki chini. Simiti ikabadilika rangi mbele ya macho yangu. Nikaigonga na mwiko, ikalia kama chungu.

Mbingu juu yangu ilikuwa nyeupe, safi. Lakini vilima vya Kilungu, kule mto unakotoka, vilikuwa vyeusi. Kisha ndege wakanyamaza. Nikasikia kitu kama ngozi nyingi za ng'ombe zikiburutwa, mbali, taratibu. Nikachukua mwiko na uzi, nikapanda ukingo.

Maji yalitokea kwenye kona bila haraka, yametanguliza povu na majani na matawi ya miembe ya watu wa huko juu. Sasa walikuja wote, pamoja na yule wa gari, wakajipanga ukingoni. Maji yakagonga ukuta wangu. Haukutikisika, nilijua. Yakarudi nyuma, yakatafuta, yakapata ule mwanya. Udongo wa ukingo ukaanza kuanguka mapande mapande. Jua lilipotua mto ulikuwa ukipita kando ya ukuta, na ukuta umesimama peke yake kama mlango usio na nyumba.

Mwenyekiti akaninong'oneza, "Fundi, ungetupigia kelele."

"Mto pia ulisema nakuja," nikamwambia. "Tofauti ni kwamba huo ulikuja kweli."

Kiangazi kilipofika, mke wangu akamfunga punda mitungi kungali na umande. Hakunitajia ahadi. Alisema tu, "Nakuja," na nakuja yake naijua: jua likifika utosini, utasikia kwato.

Nikateremka mtoni na mtaimbo. Sikumwita mtu. Nilikuwa nachimba njia ya ule mkono ndani ya ukingo mpya ulioachwa na maji, nyuma zaidi ya ule wa zamani, nilipoona kivuli kinene kwenye mchanga. Mwenyekiti, na koleo.

"Umekuja?"

"Nimekuja, fundi."

"Weka simu pale juu ya jiwe."

Akaiweka. Nikampa ncha ya pili ya uzi.