Sauti ya Mama Katika Ubeti wa Tatu

Sisi tuliokulia Isinya kabla ya stima kufika tunajua kwamba redio kaseti haikuwa kitu cha kuchezewa. Yetu ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichofuma mama, na ilishushwa Jumapili jioni tu. Betri zilikuwa zimeanikwa juani mchana kutwa ili zipate nguvu, na kaseti tuliirudisha nyuma kwa kuizungusha na biro, ili tusizimalize hizo betri. Kisha baba aliiweka redio ndani ya ile sufuria kubwa ya kupikia wageni githeri ili besi itoke. Hiyo ndiyo ilikuwa amplifaya yetu. Watoto wa leo wakisikia hivyo wanacheka, huku wametia masikioni vidude kama maharagwe na hawasikii hata wakiitwa kula.

Kaseti ilikuwa ya kwaya ya akina mama wa kanisa letu. Walijirekodi wenyewe siku moja, redio ikiwa juu ya benchi. Tuliketi sakafuni na vikombe vya strungi, chai isiyo na maziwa, taa ya koroboi ikinuka, upepo ukisukuma mlango. Ubeti wa tatu ukikaribia baba alisema, "Nyamazeni. Mama yenu anaingia." Na kweli sauti moja ilipanda juu ya zote, nasi tukamtazama mama, naye akajifanya anatafuta mwiko.

Mama alifariki nikiwa Doha. Hatuna rekodi nyingine ya sauti yake.

Sasa, mimi si mtu wa kudanganywa na vyombo. Nina diploma ya elektroniki niliyojilipia mwenyewe, na kule Doha nilikuwa fundi wa mitambo ya sauti katika hoteli ambayo wengi wangeogopa hata kuikanyaga. Nyumba yangu ya Kitengela nimeijenga bila kumpigia mtu magoti. Niliporudi nilikuja na hedifoni za maana, na dada yangu Wanjiku akazipima kwa mkono kama anayenunua viazi.

"Na hizi ziko na tofauti gani na zangu za bei rahisi nilizonunua stage ya matatu?"

Nilimweleza vizuri, kitaalamu. Akazivaa, akavaa zake, akarudia zangu. "Hapa mtu anaimba," akasema. "Na hapa pia mtu anaimba. Wewe mtu wa Doha, ulinunua boksi."

Nilikasirika, lakini ukweli ni kwamba kwa nyimbo za kawaida hata mimi wakati mwingine sielewi kama tofauti naisikia, ama naijua tu kwa sababu najua nimevaa nini. Kwa hivyo niliiingiza ile kaseti kwenye kompyuta, nimnyamazishe kabisa.

Kwa hedifoni za Wanjiku, mama aliingia kama zamani. Kwa zangu nilisikia mabati yakilia kwa joto, mbuzi nje ya kanisa, mtoto akikohoa. Halafu ubeti wa tatu ukaja, na ile sauti ya mama ikawa ya watu wawili. Wanawake wawili walipanda pamoja, mmoja ana mkwaruzo kidogo, mwingine laini. Nilirudia mpaka masikio yakauma. Wanjiku alisikiliza, akasema, "Ni huyu." Kisha, "Ama huyu?" Hakucheka tena.

Jumamosi tulienda Kajiado kwa Yeiyo Naserian, yaani Mama Naserian kwa Kimaasai, aliyekuwa akisimama kando ya mama kwenye kwaya. Niliinamisha kichwa anisalimie kwa kunishika utosini, kama tulivyofanya tukiwa wadogo, halafu nikamvisha hedifoni taratibu juu ya vipuli vyake vya shanga. Alifumba macho, akaanza kuimba chini chini.

"Yeiyo, mama ni yupi hapo?"

"Wewe na masomo yako yote unaniuliza mimi? Rudisha." Nikarudisha. "Huyo ndiye. Hapana, huyo ni mimi." Akazikaza hedifoni masikioni. "Rudisha tena."

Mwishowe alizivua. "Kijana wangu, tulikuwa tunashikana mikono ndiyo tupande pamoja. Mwalimu wa kwaya alitaka tusikike kama mtu mmoja. Hata sisi hatukuwa tunajua nani ni nani." Kisha akanyoosha mkono, akazichukua tena. "Lete, nisikie. Hawa wanaimba vizuri."

Siku zile, katika chumba kile cha moshi, hakuna mtoto aliyekuwa na shaka. Redio ilikwaruza, na mama tulimjua. Leo nakaa kwenye sebule yangu yenye vigae, nina chombo kinachonipa mpaka pumzi za waimbaji, na namtafuta. Wiki jana nilikuwa nimeamua kwamba mama ni yule mwenye mkwaruzo. Wiki hii nadhani ni yule mwingine.